Bunduki ya Bei ya Chini Juu ya Meza ya Bi Tupa

"Hivi jirani, mtu akinunua bunduki ya mitutu miwili kwa bei ya chini, amenunua bunduki au amenunua msiba?"

Swali hilo liliulizwa mlangoni asubuhi na mapema. Mwulizaji alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, pini zikiwa bado zimebanwa midomoni na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakusubiri hata kukaribishwa. Aliyeulizwa alikuwa anafagia. Aliuegemeza ufagio ukutani akasema, "Kwanza toa hizo pini mdomoni, usije ukazimeza tukaanza na msiba wako."

Aliyejibu hivyo ndiye Bi Tupa, na habari hii ni yake. Jina alilopewa na wazazi limeandikwa kwenye kibali chake cha kazi kilichotundikwa ukutani, lakini mtaani halitumiki. Wateja walimwita Bi Tupa kwa sababu mfukoni mwa aproni yake haikosekani tupa ndogo ya kusugulia chuma. Hata kwenye ibada huenda nayo. Siku moja alipopiga magoti, tupa ilichomoka ikagonga sakafu ngaa! katikati ya sala. Waumini wakafumbua macho, naye akaifunika kwa goti akaendelea kuomba kana kwamba ni kengele ya watu wengine. Ni mwanamke mpole, mwenye miwani nene na vidole vyenye makovu ya moto, na kazi yake ni kutengeneza bunduki.

Kazi hiyo hakuitafuta, aliolewa nayo. Marehemu mumewe alikuwa fundi bunduki katika chumba hichohicho kinachotazama barabara, chenye geti la chuma, kabati la makufuli na meza ndefu iliyochimbika kwa miaka ya kugongwa. Mwanzoni Bi Tupa alikuwa akimpelekea chai tu. Halafu akawa anamshikia taa. Halafu koleo. Mwisho akashika kazi yenyewe, maana mume alikuwa na jicho na bega, lakini mkono wake ulikuwa mzito penye moto, na wa mkewe mwepesi.

Basi wakagawana, na kwa mgawanyo huo wakajulikana mbali kwa bunduki za mitutu miwili, zile kubwa za kumkabili nyati. Bunduki hizo hazina habari ya kuvuta komeo ndipo upige tena. Unapiga mtutu wa kulia, na mnyama akiwa bado anakuja unapiga wa kushoto papo hapo. Uzuri wake wote uko hapo, na taabu yake yote iko hapohapo. Mitutu miwili ni kama watoto wawili wa mama mmoja: kila mmoja ana anakotaka kupeleka risasi yake. Kazi ya fundi ni kuipatanisha. Inaunganishwa kwa lehemu, na huko mbele, katikati ya midomo yake, huingizwa kabari ndogo ya chuma. Mume alipiga, wakaenda wote kutazama matundu kwenye ubao. Mke akayeyusha lehemu, akaisogeza kabari unene wa unywele. Mume akapiga tena. Hivyo kutwa nzima, na kesho yake tena. Mume alikuwa na mzaha wake: "Watu wanasema fahari wawili hawakai zizi moja. Mimi na mke wangu tunalipwa tuwakalishe."

Alipofariki, Bi Tupa aliiacha kazi hiyo. Alitengeneza bunduki za mtutu mmoja, akabadilisha vitako vilivyopasuka, akapaka mbao mafuta. Akiletewa ya mitutu miwili alisema, "Mimi na hizo tuliachana," akaisukuma irudi kwa mwenyewe.

Ndiyo maana swali la jirani lilimkuta pabaya.

"Nani huyo anayenunua?" akauliza.

"Nani mwingine? Mdogo wangu, Kimya."

Kimya ni msoma nyayo. Huwatembeza wageni porini kwa miguu, na miaka yote hiyo alitembea na fimbo tu, bunduki ikiwa mikononi mwa mkubwa wake. Sasa mwajiri alikuwa amekubali aongoze msafara mwenyewe, kwa sharti moja: msimu ukifunguliwa, aje na bunduki yake nzito. Za viwanda vyenye majina makubwa ni bei ya nyumba. Lakini kwa muuza silaha wa barabara ya juu kulikuwa na moja ya kiwanda kisichojulikana, mitutu miwili kamili, bei ya pikipiki. Muuzaji alikubali ichukuliwe ikajaribiwe, makaratasi yote yakiwa sawa, na isipofaa irudishwe.

"Rahisi ghali," jirani akasema. "Mama alipokufa aliniachia huyu mtoto mgongoni. Leo ana mke na watoto, ana ndevu, lakini mimi mgongo bado unanikumbusha. Mwambie wewe. Mimi nikisema anaona ni woga, wewe ukisema anaona ni ufundi."

"Siwezi kukisema kitu ambacho sijakiona."

"Basi kione. Halafu useme hapana."

"Unaniomba niikague, au unaniomba niikatae?"

"Vyote viwili, na kwa mpangilio huohuo."

Bi Tupa alicheka. Angeweza kujibu kama alivyowajibu wengine, kwamba yeye na hizo waliachana. Lakini bunduki ya mitutu miwili ya bei ya pikipiki alikuwa hajapata kuiona tumboni. Wameipunguzia wapi hiyo bei? Kwenye chuma? Kwenye mbao? Kwenye usingizi wa fundi? Shule aliishia darasa la saba, ila kuuliza hakuishia popote.

"Mwambie ailete," akasema.

Kimya alifika mchana. Bi Tupa aliinua kichwa akamkuta yuko ndani tayari, amesimama na kasha refu, mrefu mwembamba kama mlingoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Geti langu hulia kama mbuzi wa kuchinjwa. Wewe umepitaje?"

"Nililiinua kidogo, mama, ndipo nikalisukuma."

Kasha likafunguliwa. Bi Tupa akavaa miwani yake ya pili juu ya ile ya kwanza. Kitako kilikuwa cha mbao nyepesi iliyopakwa rangi ijifanye nzito. Ubavuni mashine ilikuwa imechapa picha ya mnyama.

"Huyu ni simba, au ni paka anayeumwa jino?"

"Muuzaji amesema simba, mama."

"Basi huyo muuzaji hajawahi kutembea na wewe."

Lakini alipoikunja na kuchungulia ndani ya mitutu, mzaha ulimwisha mdomoni. Ndani kulinyooka na kung'aa. Lehemu ya katikati ilikuwa imetambaa vizuri, bila kuacha pengo. Akaanza kuimba wimbo wa ibada puani, jambo analolifanya tu kitu kinapompendeza.

Kesho yake walikwenda kwenye uwanja wa shabaha, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, ambako wenye silaha na vibali vyao huruhusiwa kupiga. Jirani alikuja pia, na mwavuli wake. Bi Tupa hajapata kupiga bunduki kwa bega lake, na wala hakupenda mtu apige chombo kigeni kabla hajakipima. Akamtumia farasi. Farasi huyo ni kiunzi cha mbao alichokitengeneza mumewe: bunduki inalazwa juu yake, inakazwa kwa mikanda ya ngozi, kifyatuo kinavutwa kwa kamba kutoka nyuma. Bunduki zote za mtutu mmoja alizipima hivyo, na farasi hakuwahi kumwaibisha.

Akavuta kamba ya kifyatuo cha kwanza. Mtutu wa kulia ukalia. Akavuta ya pili, ukalia wa kushoto. Wakaenda ubaoni.

Risasi ya kulia ilikuwa imetoboa kushoto. Ya kushoto ilikuwa imetoboa kulia. Katikati yake ungeweza kulaza mto wa kitanda.

Wakarudia. Mambo yakawa yaleyale: zimepishana tena, kila moja imekwenda upande wa mwenzake, kama watu waliogombana wanaobadilishana viti. Wakarudia mara nyingine, na haikubadilika.

"Irudishe, mwanangu," Bi Tupa akasema kwa upole. "Nyati hawezi kusimama mahali pawili akusubiri."

"Mungu ni mwema!" jirani akapaza sauti, mwavuli juu. Halafu akauona uso wa mdogo wake, akaushusha mwavuli taratibu.

Kimya hakubisha. Aliifuta bunduki, akailaza kwenye kasha. "Sawa, mama. Nitaendelea kutembea na bunduki za watu." Akaomba kasha lilale kabatini kwa Bi Tupa mpaka apate nafasi ya kulipeleka kwa muuzaji.

Jambo lingeishia hapo. Lakini jioni ile Bi Tupa alipokuwa kwenye maombi, alijikuta anaombea wagonjwa huku akiyaona yale matundu ubaoni. Akajikemea, akaanza upya. Matundu yakarudi. Bunduki iliyoundwa ovyo, akawaza, ingepiga ovyo: leo juu, kesho chini, keshokutwa mbinguni. Hii ilikosea kwa nidhamu, kila mara vilevile. Wakosaji wawili hukosea kwa adabu namna hiyo tangu lini? Akamwomba Mungu amsamehe kwa kuwaacha wagonjwa njiani, akaenda kulala bila jibu.

Asubuhi alikwenda kwa jirani kushona mfuko wa aproni, maana tupa ilikuwa imeutoboa. Jirani alikuwa na furaha ya mtu aliyeokolewa, anapima gauni la mteja huku anaimba.

"Kaa kwenye hiyo ya pembeni, shona mwenyewe, mfuko tu huo," akasema.

Bi Tupa akakaa kwenye cherehani. Akakishika kitambaa kama anavyoshika chuma, kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, akakanyaga. Mshono ukaenda kombo. Akakaza zaidi. Sindano ikakatika ta!

"Ewe mama!" jirani akageuka. "Unaking'ang'ania hicho kitambaa kwani kinakimbia deni? Cherehani imeundwa ikivute yenyewe. Wewe kiongoze tu, kiache kitembee. Ukikikamata hivyo mshono utakwenda kombo, halafu utasema cherehani mbovu."

Bi Tupa alibaki ameutazama ule mshono uliopinda, mikono hewani.

Alikuwa anamwona mumewe. Bunduki za mitutu miwili mumewe hakuzipiga hata siku moja juu ya farasi. Alizipiga amesimama, kutwa nzima, mpaka bega likawa jeusi. Jioni mkewe alilikanda kwa maji ya moto huku akimsema: "Maringo tu hayo. Farasi unaye, umemtengeneza mwenyewe, kwa nini humtumii?" Naye hucheka, husema, "Farasi wangu hajui kuruka." Bi Tupa aliona ni mzaha wake mwingine, akaendelea kukanda.

Sasa alielewa. Bunduki ikilia huruka, na mtutu wa kulia hulirusha umbo lote upande wa kulia, risasi ikiwa bado iko ndani ya mtutu. Fundi analijua hilo, kwa hiyo huuelekeza kila mtutu ndani kidogo, kumwelekea mwenzake, ili ule mruko uunyooshe. Kazi yote ya kabari imetegemea mruko. Yeye alikuwa ameifunga bunduki kwa mikanda ya ngozi isiruke. Ndipo kila risasi ikaenda moja kwa moja kule mtutu ulikoelekea, zikapishana. Miaka yote alisogeza kabari, na kumbe nusu ya pili ya kazi ilikuwa kwenye bega la mumewe.

Akamtazama jirani anayeimba. Neno moja tu, na wimbo ungekatika. Na akinyamaza, nani angejua?

"Jirani," akasema, "jibu nililokupa jana si jibu."

"Jibu gani?"

"La bunduki. Sikuipima. Niliifunga, kama nilivyokifunga kitambaa chako."

Jirani akaweka mkasi chini. "Si ulishasema hapana?"

"Nilisema hapana ya kitu kingine."

"Basi iache hiyo hapana ilale zake, haimsumbui mtu."

"Inamsumbua Kimya."

"Kimya atazoea! Afadhali anung'unike akiwa hai!"

"Kuwa hai ndiko ninakokusema," Bi Tupa akajibu polepole. "Nikinyamaza, msimu huu atatembea na fimbo nyuma ya bunduki ya mtu mwingine. Hiyo nayo nani ameifungua ndani? Mimi sijaifungua. Wewe umeiona?"

Jirani alikaa chini. Inaelekea katika hofu yake yote hakuwahi kuziwazia zile bunduki nyingine, ambazo mdogo wake alizitegemea kila siku bila kuzijua. Akaanza kukunja futi yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mpigie simu," mwisho akasema. "Lakini nakuja. Na mwavuli wangu."

Safari hii farasi alibaki nyumbani. Kimya alisimama mbele ya ubao miguu imeachana kidogo, kama asimamavyo porini. Kulia, kushoto. Sauti ya pili ilitoka ya kwanza haijamaliza kurudi kutoka kwenye mawe. Wakaenda ubaoni wote watatu, jirani akiwa wa mwisho.

Matundu mawili yalikaa kando kwa kando. Kiganja cha Bi Tupa kiliyafunika yote, na nafasi ikabaki.

"Rudia," akasema. Kimya akarudia, na matundu mapya yakakaa jirani na ya kwanza. Bi Tupa akaanza kuimba puani.

"Mara moja tena," akasema.

Kimya akalenga, akavuta, na machimbo yakalia mlio ambao haukuwa wa bunduki moja. Mwanaume yule mrefu alirudi nyuma hatua, hatua, akakaa chini kwa makalio, bunduki mapajani.

"Si nilisema!" jirani akapiga yowe. "Msiba huo hapo, unajipangusa vumbi!"

"Mzima, dada, mzima," Kimya akasema, anashika bega. Akamgeukia Bi Tupa. "Mama, kidole kilivuta kifyatuo kimoja tu. Zimetoka zote mbili."

Jirani alitazamia fundi aogope. Fundi alikuwa amechutama tayari, ameinyanyua bunduki, macho yanang'aa nyuma ya miwani. "Ahaa," akasema. "Sasa tumempata mkosaji mwenyewe."

Walirudi karakana, akaifungua tumbo juu ya meza, skrubu moja moja. Ndani ya kila bunduki ya namna hii, kila mtutu una nyundo yake, na kila nyundo inazuiwa na kijino cha chuma mpaka kidole kivute. Bi Tupa alikitoa kijino cha kushoto, akakigusa kwa tupa yake ndogo. Tupa ilikula chuma kama inakula sabuni.

"Njooni mwone," akawaita. "Hiki kilitakiwa kuwa kigumu kuliko tupa, tupa iteleze juu yake. Hiki ni laini, na wamekisugua kwa haraka mpaka kikawa kifupi. Mtutu wa kulia ukipiga, mtikisiko tu unakitosha, kinaiachia nyundo ya kushoto. Hapa ndipo bei ilipopunguzwa. Mitutu waliilipia fundi. Huku ndani hawakumlipa mtu."

"Kwa hiyo ni mbovu," jirani akasema.

"Haijaisha kuundwa. Mbovu ni ile iliyoisha ikaharibika. Hii haikuwahi kuisha."

Alifungua droo, akatoa tupa kuukuu ya marehemu, iliyoisha meno, ambayo hakuwahi kupata moyo wa kuitupa. Aliivunja. Akakilainisha kile chuma kwa moto ili kikubali kukatwa, akachonga vijino viwili vipya, vya pande zote mbili, kwa maana kusema cha kulia ni kizima kungekuwa kubahatisha tu. Akavipasha mpaka vikawa vyekundu, akavizamisha kwenye mafuta. Kisha akavipasha tena kidogo, pua karibu na chuma, akingojea kigeuke rangi ya majani makavu. Kisipofika hapo kitavunjika, kikipita hapo kitalainika. Jirani alikuwa amehamishia upindo wa gauni la mteja kwenye benchi la karakana, anashona kwa mkono huku jicho moja liko motoni.

"Unajuaje ni hiyo rangi?" akanong'ona.

"Wewe unajuaje gauni limemkaa mtu?"

"Nalijua tu."

"Basi."

Waliporudi machimboni, Kimya alipiga mpaka dada yake akachoka kuziba masikio. Ilipovutwa moja, ikalia moja. Zilipovutwa mbili, zikalia mbili, kulia kisha kushoto, na matundu yakaendelea kuingia palepale. Bega lake lilikuwa limeanza kuvimba. Akaikunja bunduki, akaishika mikononi bila kuilaza kwenye kasha.

"Niinunue, mama?"

Jirani naye alisogea. Swali lilikuwa lake toka mwanzo.

Bi Tupa alivua miwani moja, akabaki na moja. "Hii, inunue. Sikusema za bei yake zote. Hii nimeifungua, ndiyo ninayoijua. Ya bei ya chini huja na kazi ambayo haikufanywa. Kazi hiyo inakaa humo ndani inamngoja mtu. Akipatikana wa kuifanya kabla hujaingia porini, umenunua bunduki. Asipopatikana, umenunua msiba; dada yako alisema kweli. Na risasi zako ziwe za aina hiihii, usichanganye, maana kwa nyingine itaruka mruko mwingine."

Jirani alivuta pumzi. "Simba wake lakini bado ni paka," akasema, na Kimya akacheka kwa sauti, jambo ambalo dada yake hakulisikia mara nyingi.

Kisha Kimya akaingiza mkono mfukoni aulize ujira. Bi Tupa alikuwa ameinamia ubao, anayapapasa matundu kwa kidole, moja moja, kama mtu anayesoma. Alipogeuka, alisema:

"Pesa weka, mwanangu. Mimi nina ombi. Siku ambazo huko porini hakuna wageni, uwe unakuja kunipigia. Nataka kurudia kazi za mitutu miwili, na siwezi kupiga na kulehemu peke yangu."